Choo Nilichomjengea Mama

Mama alipoletwa Dar kutoka kijijini, magoti yake yalikuwa yameshakataa. Mie nilikuwa nimepanga Temeke, chumba na sebule, choo ndani, najiona nimeula kweli. Nilisahau kitu kimoja: choo chenyewe kilikuwa cha kuchuchumaa, na mama hakuweza tena kuchuchumaa. Ikawa namshika kwapani, namshusha, mie natazama ukuta, yeye anatazama sakafu. Wiki ya pili akaacha chai ya jioni. Baadaye akaacha na ya asubuhi. Nikimuuliza anasema hana hamu. Mama yangu angeacha dini kabla ya kuacha chai, kwa hiyo nilijua anaogopa nini.

Nikamfuata mwenye nyumba, bibi mtu mzima aliyekuwa akiishi kwa mwanawe Buguruni. Nikamwamkia, nikamweleza: choo kimepasuka, bomba linavuja, mama anahitaji cha kukaa. Alinisikiliza kwa huruma zote.

"Tengeneza tu, mwanangu," akasema. "Tutaelewana kwenye kodi."

Nikarudi nachekelea. Karatasi sikuomba. Utamwombaje karatasi mtu uliyetoka kumpa shikamoo sasa hivi, naye kakuitikia marahaba na kukumiminia juisi? Ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo tunavyoumia.

Fundi akavunja sakafu, akabadilisha bomba, akaweka sinki la kukaa na marumaru, na ukutani akachimbia chuma cha kushikia. Siku ya kwanza mama aliingia mwenyewe, akafunga mlango. Nilisimama nje, nikasikia maji yanashuka, nikalia kama mjinga. Alipotoka aliomba chai.

Kodi ilipokaribia kuisha, yule bibi akaja kututembelea. Nikampikia wali na samaki. Akaomba kwenda msalani, akakaa huko muda mrefu, nikaanza hata kuwa na wasiwasi. Akatoka taratibu, mkono kiunoni.

"Mashallah, pazuri," akasema. "Mie na magoti haya, kule kwa mwanangu nateseka."

Nikamwonea huruma, jamani. Nikamwongezea wali.

Wiki iliyofuata mwanawe akanipigia simu. Mama yake anarudi kukaa kwenye nyumba yake, kwa hiyo kodi ikiisha tupishe. Nikamkumbusha ahadi ya kuelewana. Akauliza tumeandikiana wapi. Nikamwambia basi nang'oa choo changu naondoka nacho.

"Sista, kilichojengewa ni cha nyumba," akasema, bila hata kukasirika.

Fundi naye akanithibitishia kwamba sinki likiguswa litapasuka, halafu shimo nitadaiwa mie. Jioni ile nilichukua nyundo, nasema kweli, nikasimama mle ndani. Nikakiona kile chuma cha ukutani, nikafikiria magoti ya yule bibi. Nikairudisha nyundo nilikoitoa. Hata kumchukia vizuri nilishindwa, na hilo liliniuma kuliko yote.

Tukahamia Goba, juu kilimani, ambako ndiko mfuko wangu ulikofika. Dalali alipofungua mlango wa choo nilijua kabla sijachungulia. Cha kuchuchumaa, na flashi mbovu. Mwenye nyumba mpya, baba mmoja mpole, akaniwahi kabla sijasema neno.

"Ukitaka kurekebisha rekebisha tu, dada. Tutaelewana."

Safari hii nikafungua mdomo, nikasema tuandikiane. Akacheka kidogo, akasema hakuna shida, ila kuna watu wengine wawili wanakuja kuangalia nyumba mchana. Mizigo yangu ilikuwa tayari kwenye gari, na mama alikuwa amekaa kiti cha mbele akisubiri kushushwa. Nikalipa.

Kesho yake asubuhi nilichemsha chai ya tangawizi, nikamimina vikombe viwili. Mama alikitazama chake kidogo, kisha akakisogeza upande wangu.

"Kunywa wewe, mwanangu," akasema. "Mimi sina hamu."