Kisanduku cha Nta

Wewe unayesoma, sogea karibu unisikilize, maana jambo hili ni jepesi ukielezwa polepole. Mimi ni fundi umeme hapa Kindu. Kipimo ninachokitumia zaidi hakitafuti kama umeme upo. Kinatafuta kama unavuja kutoka kwenye waya hadi kwenye bati la chombo, pale ambapo mtu ataweka mkono. Mshale ukienda juu, chombo ni salama. Ukibaki chini, chombo kinaweza kuua.

Na kipimo chenyewe, nani anakipima? Zamani tulikuwa tunakipakia kwenye treni kwenda Lubumbashi, kinarudi na karatasi. Kisha vita vikaja na treni ikaacha kufika. Bahati nzuri, kipimo kilikuwa kimerudi karibuni. Mkuu wa karakana yetu akachukua rezistansi, yaani kipande kidogo kinachozuia umeme kwa kiasi kilekile siku zote. Akaipima, mshale ukasimama kwenye moja. Akaifungia katika kisanduku cha mbao, akamwagia nta ya nyuki ili unyevu usiingie, na juu ya kifuniko akaandika MOJA.

“Kila asubuhi mukiulize kisanduku,” alituambia. “Kikijibu moja, muende kazini. Kikijibu kingine, mukae.”

Betri nazo ziliadimika. Tulifanya kama kila mtu mjini alivyofanya kwa redio yake: zikichoka, tulizianika juu ya bati la paa, zikaamka kidogo.

Asubuhi moja niliitwa maternite, yaani hospitali ya kuzalishia, ng’ambo ya mto, kukagua chungu cha umeme cha kuchemshia vyombo vya kuzalishia. Mtumbwi ulikuwa unaondoka. Nikatia betri zilizokuwa zimeanikwa, nikakimbia, kisanduku nikakiacha mezani. Nilipima chungu, mshale ukapanda vizuri. Nikamwambia mzalishaji mkuu, yaani mkunga, mama mmoja wa maneno makali na moyo laini, kwamba kiko salama. Akasema atakitumia saa sita, gurupu, yaani jenereta, litakapowashwa, kwa sababu mafuta yalikuwa machache.

Niliporudi karakana nikaona kisanduku pale mezani, nikaona aibu. Nikakipima. Mshale ukapita moja, ukapita mbili, ukasimama karibu na tatu.

Nilikaa nikielewa polepole, kama utakavyoelewa wewe sasa. Kipimo kile husukuma umeme wa betri ndani ya chombo, na kadiri unavyopita kidogo ndivyo mshale unavyosoma juu. Betri ikidhoofika, mshale hupotoka kuelekea upande wa juu, upande wa sifa. Kipimo kilichochoka hakikatai kitu. Kinasifu kila kinacholetwa mbele yake.

Nilitia kisanduku kwapani nikashuka mtoni. Tulipofika katikati ya maji nikasikia gurupu likinguruma ng’ambo.

“Papa, piga kasia!” nikamwambia mzee mwenye mtumbwi.

“Nipige na nini tena, na meno?” akajibu, lakini akaongeza mwendo.

Niliingia maternite nikipiga kelele. Mzalishaji alikuwa amesimama mbele ya chungu, mikono imelowa maji, plagi bado iko sakafuni.

“Mama, usiguse ile chungu!”

“Asubuhi ulisema iko muzuri. Sasa unalia kama muuza samaki mwenye samaki zake zimeoza.”

“Mama, nilikosea. Nipe betri za tochi yako.”

“Na usiku nitaona watoto wangu na nini?”

“Nitakurudishia sasa hivi.”

Akanipa, akininung’unikia. Nikazitia, nikaunganisha kisanduku. Moja. Nikaunganisha chungu. Mshale haukuinuka hata kidogo.

Mama akatazama mshale, kisha akatazama mikono yake, akaifuta kwenye kitenge taratibu, kidole kwa kidole. Siku ile vyombo vilichemshwa kwa makaa.

“Tangu leo,” akasema, “usipime kitu humu kabla kisanduku hakijajibu, na mimi nikiangalia.”

Alishika neno lake. Miaka yote ya vita hakuniruhusu nifungue mfuko wa vifaa kabla hajasoma MOJA kwa macho yake.

Leo nina kipimo cha tarakimu, chenye karatasi nzuri ya kuthibitisha usahihi wake. Karatasi inaeleza kilikuwaje siku ile kilipokaguliwa. Haiwezi kujua kilivyorushwa na pikipiki kwenye njia ya kutoka Kalima. Kwa hiyo kisanduku bado ninacho. Nta nimeibadilisha mara mbili, na pembeni nina daftari la majibu yake, kwa sababu kipimo kinaweza pia kupotoka kidogo kidogo bila kukushtua. Mafundi wapya wakinicheka ninawaacha wacheke, kisha ninawapa rezistansi na kipande cha nta watengeneze chao.

Nawe fanya hivi: kila asubuhi, kabla ya kupima chombo cha mtu, pima kitu ambacho jibu lake unalijua, uliandike. Likibadilika, badilisha betri upime tena. Lisiporudi, weka kipimo chini, na umwambie mwenye chombo asikiguse.