Dawa ya Pumu ya Dada

Harufu ya tumbaku inayokaushwa ikinifikia nikipita Urambo, namkumbuka dada yangu, kifua chake kikilia kama filimbi. Nesi alimpa mama dawa ya pumu ya kuvuta kila siku. Jirani akamwonya, “Hiyo itamdumaza mtoto.” Mama akaificha kabatini, akawa anamlambisha asali.

“Mama, huenda kimo kikapungua kidogo sana,” nesi alimweleza kliniki, mama alipomtajia maneno ya jirani. “Pumzi kwanza.”

Mama aliitikia kwa kichwa, lakini nyumbani dawa hakuitoa.

Asubuhi moja ya msimu wa kukausha tumbaku, dada alibanwa kifua. Tukiwa njiani kwenda zahanati, alitulia mgongoni mwa mama, nasi hatukusikia tena pumzi yake.

Seremala alipokuja kumpima dada ili atengeneze jeneza, alimuuliza baba, “Alikuwa na miaka mitano?”

Baba akamjibu, “Minane.”