Sita kwa Elfu

Kiwandani walimwita Mama Vyeti, kwa kuwa miaka kumi na minne kazi yake ilikuwa kuandaa hati za biskuti zinazouzwa nje. Meza yake ilipakana na chumba cha matanuri, hata makaratasi yake yalinukia vanila. Siku hiyo harufu yenyewe ilimkera. Kontena la biskuti za soya lilikuwa limekwama wiki ya tatu bandarini, kwenye nchi ya mnunuzi, na kila akipiga simu alipigwa danadana.

"Dada, tunataka cheti kuhusu soya, kama mbegu zake zilibadilishwa vinasaba," alisema ofisa wa kule.

"Si nilikutumia Jumatatu, kaka?"

"Kile ni cha biskuti. Tunataka cha unga."

Maabara nao wakamwambia vivyo hivyo: biskuti ikishaokwa haipimiki vizuri, alete unga wa mzigo uleule. Unga ulikuwa umeshakwisha. Alipekua bohari mpaka kitambaa cha kichwa kikajaa vumbi, ndipo shemeji yake, mtunza bohari, akavuta kikopo cha sampuli nyuma ya ndoo za rangi.

"Kumbe kipo! Na ulikuwa unanitazama tu ninavyohangaika?"

"Uliulizia gunia, shemeji. Kikopo hukukitaja."

Majibu yakatoka Alhamisi: katika kila punje elfu za soya, sita zilitokana na mbegu zilizobadilishwa. Kanuni mpya za kule ziliruhusu hadi tisa. Lakini mkurugenzi hakutaka hesabu hizo.

"Andika haina hata chembe, yaishe."

"Bosi, chembe zipo."

"Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Saini ni yangu."

Mkurugenzi akaondoka bila kuaga. Mama Vyeti akaandika sita kwa elfu na kuambatisha kanuni zenyewe. Kesho yake ofisa akapiga simu: kwao kiwango ni sifuri.

"Fungua ukurasa wa kumi na moja, kaka. Aya ya pili. Nisomee."

Ofisa akasoma. "Hii imetoka lini?"

"Miezi mitano iliyopita. Na walioitoa ni ofisi yenu."

"Ngoja nimuulize mkubwa."

Kumuuliza mkubwa kukachukua siku tisa. Nyumbani, binti yake Mama Vyeti akamuuliza kama biskuti zile zina sumu.

"Sumu hazina, mwanangu. Zina makaratasi."

Kontena liliachiwa Jumatano. Pongezi hakuna. Mkurugenzi alimtuma tu katibu wake aje kuulizia hati za mzigo unaofuata, unaokwenda nchi nyingine yenye kanuni zake.

"Mwambie aje mwenyewe."

Mkurugenzi akaja, akasimama mlangoni, koti mkononi. Mama Vyeti akamsogezea kiti, akaweka mbele yake kanuni za nchi hiyo, kurasa arobaini na mbili.

"Tuanze na ya kwanza, bosi," alisema. "Miwani unayo?"