Swala Niliyemsifu Sinaw

Tangu mume wangu afariki, nyumba yetu ya Ibra ilibaki na sauti moja tu, ya friji. Watoto wako Maskati na kazi zao. Nikaanza kutembea asubuhi za baridi, kwenye mitende kando ya falaji iletayo maji mashambani, nikimtazama ndege hudihudi akidonoa na kumsemesha Kiswahili cha Unguja, maana mtaani hapakuwa tena na wa kusema naye. Mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, hudihudi hakunitosha. Nilitaka kuona swala. Marehemu alizoea kuniahidi kila tukipita njia ya Sinaw, na kila mara tulikuwa na haraka.

Niliondoka na gari langu baada ya sala ya alfajiri, nimevaa sweta mbili na soksi za marehemu. Binti yangu alinipigia simu kunikataza. Nikamwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Samad Ash Shan nilisimama kunywa chai. Baridi ya huku ni kavu, hupasua midomo. Juu ya jiwe alikaa tumbusi mweupe, katanua mbawa anaota jua. Sura yake haivutii hata kidogo, lakini nami nilikaa nikaota naye, nikafurahi kuwa na mwenzangu.

Sinaw niliingia adhuhuri. Kwenye soko la mbuzi nilimuulizia Umm Salim, Mbedui ambaye mumewe alikuwa akituuzia mbuzi wa Idi. Naye sasa ni mjane. Alikuja na barakoa yake ya wanawake wa Kibedui usoni, akanitazama kidogo, akaniambia nimfuate. Aliendesha pikapu mbele mpaka nje ya mji, kwenye uwanda wa kokoto lilipo hema lake.

Hapo, kati ya mbuzi, alifungwa swala mdogo. Mama yake aliuawa na mbwa, naye akalelewa kwa maziwa ya mbuzi. Nikamsifu. Nilisifu macho, nikasifu miguu, nikasifu mpaka masikio. Kwetu Unguja kusifu kitu cha mwenyeji ni adabu. Unasema mashallah, mambo yakaisha. Umm Salim alifungua kamba, akanitia mkononi.

"Ni wako," alisema kwa Kiarabu. "Mgeni wangu hasifu kitu akaondoka mikono mitupu."

Kukataa ni kumvunjia heshima. Na kusema kweli, nilimtaka. Nilikwisha kumwona uani kwangu, anapumua, ananisubiri.

Nililala hemani kwake, na alfajiri nilitoka na yule swala kutembea. Mchanga ulikuwa baridi kama sakafu ya msikiti, na nyayo za mbweha zilikatiza mbele yetu. Jua lilipochomoza niliwaona swala, kundi dogo, mbali. Nilitamani kumgusa mtu bega nimwonyeshe. Yule mdogo alisimama, kamba ikakazika. Wenzake walitushtukia wakakimbia. Yeye alibaki anatazama pale walipokuwa, muda mrefu baada ya kutoweka.

Kusimama kule nilikujua. Ndivyo ninavyosimama mlangoni gari la watoto likishakata kona.

Nilimrudisha hemani nikasema, "Umm Salim, nimempokea, ni wangu. Sasa namweka amana kwako. Usimfunge tena. Siku akitaka kwenda kwa wenzake, mwache aende."

Aliifungua kamba shingoni mwa swala. "Na akenda, wewe utakuja kwa nini tena?"

Nilirudi Ibra siku hiyo hiyo. Kiti cha pili garini kilikuwa kitupu, na njia nzima nilijiona mpumbavu.

Baridi iliyofuata nilikwenda tena. Umm Salim alitoka hemani ameshika kamba, haina mnyama. Swala alikuwa amekwenda zake kabla ya msimu wa joto, na hakurudi. Nililia, wala sikujificha. Akanikalisha, akanimiminia kahawa, akasogeza tende.

"Tangu baridi ianze," alisema, "kila gari likipita huinuka nikatazama kama ni wewe."

Nilirudi na ile kamba, nimeitundika karibu na mlango. Friji ni ile ile, na hudihudi bado hajajua Kiswahili. Lakini sikujua kabla ya safari ile kwamba mtu aweza kuishi mwaka mzima kwa kujua tu kwamba kuna anayemtazamia njia.