Jibini ya Fidencio Maktabani

Fidencio Yucra aliwahi kumshika fahali pembe akamlaza chini. Lakini mlango wa maktaba ya chuo, pale mjini Sucre, ulimshinda. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kilimo. Kwa wiki tatu alifika hapo kila asubuhi amevaa koti lake la harusi, akasoma tangazo la kanuni, akaandika kidogo daftarini, akamtupia jicho mama wa kaunta, kisha akaenda zake.

Mwalimu alishasema: asiyeleta kurasa tatu za ugonjwa wa viazi kutoka kitabu cha maktaba, Ijumaa jioni, arudi kwao akalime. Jumatano Fidencio akampigia simu mkewe, Saturnina.

"Unaogopa nini, baba Rosmery?"

"Unajaza karatasi, unampa yule mama, ndipo anakuletea kitabu. Nikikosea, wote watageuka kuniangalia."

"Na ulikwenda na nini mkononi?"

"Daftari."

"Yaani unakwenda kwa mtu kuomba, hata jani la koka hujabeba? Ndiyo maana miguu inagoma. Miguu yako ina adabu kukushinda."

Ni kweli. Kwao hakuna aliyewahi kwenda kuazima ng'ombe wa kulimia mikono mitupu. Ijumaa asubuhi jibini kutoka kwa Saturnina ikafika na lori la soko. Kwa kuwa mikoba huachwa mlangoni, Fidencio akaificha ndani ya koti, akaingia.

Harufu ilimtangulia. Vichwa vikaanza kuinuka vitabuni, kimoja kimoja.

Mama wa kaunta, doña Hortensia, alisimama upesi na kuweka kola sawa. "Karibu, bwana mkaguzi. Vitabu vyote vipo. Vile viwili havikupotea kwenye zamu yangu."

Fidencio akaweka jibini juu ya kaunta. "Mama, mimi ni mwanafunzi. Nimekuja kuomba kitabu."

Doña Hortensia aliitazama jibini, akalitazama koti. "Mwanafunzi? Wiki tatu unaniandika pale mlangoni. Wiki tatu sijasinzia hata kidogo. Nimepanda ngazi na goti hili bovu, nimefuta vumbi mpaka rafu ya juu."

"Nilikuwa nanakili namna ya kujaza karatasi."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wote waligeuka, kama alivyoogopa. Fidencio akangoja afe kwa aibu, hakufa.

"Kimya nyie," alisema doña Hortensia, huku akiivuta jibini chini ya kaunta. "Chakula hakiruhusiwi humu, hii naizuia. Haya, kitabu gani?"

"Jina silijui, mama. Ni cha ule ugonjwa, majani ya viazi yanakuwa meusi, halafu—"

"Nakijua. Nilikifuta vumbi Jumanne, kwa ajili yako."

Akamsaidia kujaza karatasi, akaenda, akarudi na kitabu kinachong'aa. Fidencio alikaa meza ya karibu, akanakili kurasa tatu, akaongeza ya nne kwa heshima. Alipokwenda kukirudisha alilazimika kusubiri. Doña Hortensia alikuwa amesinzia.