Upande wa Mafuta na Upande wa Matone

Baridi ya mwaka 2011 ilinikuta na cherehani yangu kwenye kona ya saluni moja ya La Rochelle, mtaa wa wahamiaji usio mbali na Soweto, karibu na dirisha. Mwenye saluni alikuwa Mkongo wa Bukavu, mama mnene asiyepandisha sauti hata akikasirika. Mmoja wa wasusi wake, dada wa kutoka Uvira, alikuwa anapoteza nywele.

Hazikutoka kwa mabaka. Zilipungua utosini taratibu, kuanzia kwenye njia ya katikati, kama zilivyopungua za mama yake na za mama zake wadogo. Akajifunga kitambaa. Wateja walikitazama kitambaa kile huku wakisukwa, na waliporudi tena waliomba kiti cha msusi mwingine.

“Mdogo wangu,” mwenye saluni alimwambia siku moja, akikunja taulo, “nani anunue mkate kwa mwokaji aliyekonda? Joto likirudi, kitambaa kitoke. Kama kichwa hakijawa sawa, kiti nitampa mwingine.”

“Sawa, yaya,” msusi akajibu, kama kwao wanavyomwita dada mkubwa.

Dawa zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya matone, kutoka duka la dawa. Ya pili ilikuwa mafuta mekundu ya Mrundi aliyezungusha chupa zake kutoka Diepsloot, kaskazini mwa jiji, hadi huku kusini, yenye harufu ya karafuu na ya kitu kingine nilichoshindwa kukitambua. Msusi aliona akizitumia zote pamoja hatajua ipi imefanya kazi, kwa hiyo akakigawa kichwa: kulia matone, kushoto mafuta. Utaratibu huo niliupenda.

Wasusi hupima kwa kitana. Kinachobaki kwenye meno yake ndicho kinachosema. Kila Jumatatu asubuhi, wateja wakiwa bado wachache, alijichana kila upande mbele ya kioo na kuziweka nywele zilizotoka juu ya taulo jeupe, upande kwa upande, nasi tukaja kutazama. Kulia aliziacha wazi ili matone yafike kwenye ngozi. Kushoto alizisuka mistari myembamba, kwa kuwa Mrundi alisema mafuta yapakwe kati ya mistari na nywele zisiguswe mpaka joto lirudi. Huko kitana kilipita juu juu tu.

Jumatatu baada ya Jumatatu, rundo la kulia liliongezeka. La kushoto halikuwepo kabisa.

“Lakini huku umesuka,” nilisema. “Zikitoka si zinabaki humo humo ndani?”

“Fundi, wewe pima suruali.” Wote wakacheka, na msusi akaendelea. “Yule wa duka la dawa aliniambia zitadondoka kwanza, ndipo ziote, nivumilie miezi. Umeshasikia dawa ya kuotesha inayong’oa?”

“Kama wakubwa wa kwetu,” mwenye saluni akasema. “Anakubomolea nyumba, anakuambia ndiyo anaanza kukujengea.”

Wiki hiyo matone yalimwagwa kwenye sinki. Kichwa chote kikasukwa na kupakwa mafuta. Mwenye saluni akampiga picha, akaichapisha kubwa na kuibandika kwenye kioo cha mbele, na chini yake akapanga chupa nyekundu. Kitambaa kikatoka mapema. Watu walianza kuja hata kutoka Soweto, na waliotaka kusukwa wote walitaka kwenye kiti chake.

Mimi nilikuwa dirishani, nikiona mengine. Vipele vidogo vilijitokeza pembeni mwa paji la uso wake. Alikuwa akijipigapiga kichwani kwa kiganja, kama wanavyofanya waliosukwa wakiwashwa, ila yeye hakuacha hata akiongea na mteja. Harufu ya karafuu ilianza kuwa na uchachu ndani yake. Nikimuuliza, anasema dawa inafanya kazi.

Joto liliporudi, mistari ilikuwa imelegea na ilibidi ifumuliwe. Tulifanya hivyo asubuhi kabla ya kufungua. Yeye alikaa kwenye stuli na mwenye saluni akafumua. Kila msuko uliachia mzigo wake. Nywele ambazo zingeonekana juu ya taulo zilikuwa zimekaa humo muda wote, zimeshikwa na zile zilizosalia na kugandishwa na mafuta. Kushoto ngozi ilionekana kutoka utosini hadi karibu na sikio, nyekundu na yenye kung’aa. Kulia, nilipoinama, niliona vinywele vifupi laini kama vya mtoto mchanga. Vilikuwa vimeanza kuota, vikaachwa.

Msusi alijishika kushoto, kisha kulia. Vidole vyake vilikaa kulia kwa muda mrefu.

Nje wanawake walikuwa wameshaanza kusimama mbele ya ile picha. Mwenye saluni alivuta pazia.

“Tusuke tena.”

“Yaya, ngozi inauma.”

“Kiti unakitaka?”

Msusi alichukua fungu la rasta mezani na kumpitishia juu ya bega. Mwenye saluni akasuka haraka, akizivuta zile chache zilizobaki ili zibebe rasta, na kila alipovuta, nyusi za msusi zilipanda kidogo na hazikushuka tena.

Mlango ulipofunguliwa, mama mmoja aliingia wa kwanza na kumkazia macho.

“Ndiye wewe wa pichani?”

Msusi aligeuka kwa shida. “Ndiye mimi.”

Yule mama aliinama, akaikagua mistari mmoja mmoja, akajigusa utosini mwake. Kisha akaomba chupa yake na ya binti yake.