Madamu na Mti wa Vitovu Vyetu

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nyumbani kwetu Mususa, mtaa wa Butembo, tulikaa na mgeni mwenye miguu minne. Alikuwa farasi jike, mweupe wa kuchakaa kama shuka iliyofuliwa miaka mingi, na jina lake lilikuwa Madamu. Baba alikuwa akipandisha sabuni na blanketi hadi Alimbongo, milimani, na kushuka na viazi na jibini. Huko juu, mzee mmoja mwenye shamba la ng'ombe alibaki na farasi huyo mmoja tu. Wanawe walipokuja kumchukua mzee akaishi nao mbali, alimkabidhi baba kamba. "Ni weye unamuleteaka karoti," alimwambia. "Umubebe." Baba akatembea naye siku tatu kwenye barabara kuu, na alipoingia Butembo nusu ya mtaa ilikuwa nyuma yake.

Hakuna kwetu aliyejua kutunza farasi. Tulijifunza kwa maneno machache ya yule mzee, na yaliyobaki tuliyabahatisha. Asubuhi, kabla ya shule, mimi na kaka yangu Kambale tulimsugua kwa gunzi la mahindi, kuanzia shingoni kwenda mgongoni, kuanzia mgongoni kwenda mapajani, mpaka vumbi lipande na jua liingie ndani yake. Mkia tulimchana kwa kitana cha mti cha mama. Kwato tulizitoa udongo kwa bisibisi butu, kisha tukazipaka mafuta ya mawese ili zisipasuke. Dhidi ya nzi, mama alichemsha mchaichai, akauacha upoe, tukamfuta nao kwa kitambaa, naye akanukia kama chai ya wagonjwa. Alipewa karoti, maganda ya ndizi, kipande cha muwa siku ya Jumapili, na jiwe la chumvi ya Katwe alilolamba akiwa amefumba macho. Sijawahi kuona kiumbe anayeshukuru kwa ulimi namna ile.

Mukaka, ndivyo sisi Wanande tunavyomwita bibi, hakuwa na neno la farasi katika lugha yake. Siku ya kwanza alimzunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Huyu sisi hatuna jina yake," alisema. "Ule hauna jina yake, ni mugeni."

Basi Madamu akawa mgeni, na kwa Mukaka mgeni alikuwa na haki zake. Hupewa maji kabla ya kuulizwa habari. Haulizwi atakaa siku ngapi. Na huonyeshwa mapema mahali ambapo hapaguswi. Kwa hiyo Mukaka alishika kamba, akamwongoza farasi hadi nyuma ya jiko, penye mti mkubwa wa avoka, ambayo wengine huita parachichi, akamwonyesha kwa kidole.

"Mugeni, sikia. Hapa chini kuko bitovu bya batoto ya hii nyumba. Ukikula hapa, utavimba kichwa."

Sisi tulicheka. Alitugeukia.

"Na nyinyi, hapana mumupe hata jani moja. Mwenye kukula kitovu ya mutu, anavimba."

Kambale alikuwa akijiandaa kwa kipaimara na alijiona nusu padri. "Mukaka, ile ni mambo ya zamani. Katekista anasema..."

"Katekista ndiye alizika kitovu yako?"

Kambale akaenda kuchota maji ya farasi. Mimi moyoni niliendelea kubisha. Nilikuwa na umri ule ambao mtoto anaanza kupima maneno ya wakubwa kama anavyopima meno yake yanayotikisika.

Alasiri moja ikanyesha mvua ya mawe. Mawe yalipiga mabati mpaka hatukuweza kusikiana, na yalipoisha, matete tuliyomkatia kila siku kule bondeni yalikuwa yamelala kwenye tope. Zamu ya kukata majani ilikuwa yangu. Mukaka alikuwa shambani tangu siku iliyotangulia, angelala huko. Nyuma ya jiko, matawi ya mti wa avoka yalikuwa yametapakaa chini, majani yake mabichi, yanang'aa. Nilijiambia: haya sikuyachuma, yameanguka yenyewe, marufuku ni ya mti, si ya ardhi. Nilijiambia pia kwamba Madamu ana njaa. Yote mawili yalikuwa kweli, lakini chini yake kulikuwa na jambo la tatu: nilitaka kuona kama Mukaka ni mwongo.

Nikamletea matita mawili ya majani hayo. Alikula vizuri, akanipulizia shavuni. Majani yaliyobaki niliyafunika kwa matete machache ndani ya sanduku lake la chakula, mtu asiyaone.

Asubuhi Kambale alitoka kwenda kumsugua, akarudi mara moja, gunzi bado mkononi. "Baba," alisema kwa sauti ya chini, "Madamu amebadilika sura."

Kichwa chake kilikuwa kimevimba. Midomo ilikuwa minene kama ya mtu aliyepigwa, macho yamebaki mistari miwili, na uvimbe ulishuka hadi kooni. Alipumua kama mtu aliyepanda kilima na gunia. Baba alimpapasa, akitafuta alama ya nyuki au ya nyoka. Mimi nilisimama karibu na ukuta. Nilikuwa nimemtazama mgeni akila vitovu vyetu.

Jirani yetu Papa Kasereka, mchinjaji wa nyama ya soko, alikuja na kisu chake kimefungwa kwenye gazeti. Hakuwa mtu mbaya. Alisema anayoyajua.

"Mwenyewe nyama ya farasi sijakula, lakini nyama ni nyama. Akianguka peke yake, hakuna mutu atakula. Leo bado iko wakati."

Baba alikwenda kuchukua fungu la matete. "Tumupe chakula," alisema aliporudi. "Akikula, tunangoja. Akikataa, basi, utafanya kazi yako."

Akamwaga matete mapya na maganda ya ndizi sandukuni, juu ya yale ya jana. Tukangoja. Madamu aliinamisha kile kichwa kizito, akanusa, kisha akaanza kusukuma matete pembeni kwa pua, kushoto, kulia, akitafuta chini. Akapata. Akaanza kutafuna.

"Anakula," alisema baba, na sauti yake ilipasuka kidogo kwa furaha. Papa Kasereka aliweka kisu chini ya kwapa.

Mimi peke yangu nilijua anakula nini. Kila alipotafuna, alikiepuka kisu, na kila alipotafuna, niliamini, alikuwa akifa.

Wakati huo Mukaka aliingia uani, jembe begani, amerudi mapema kuangalia mvua imetuharibia nini. Aliona. Hakutuuliza sisi. Aliweka jembe chini, akamwendea farasi, akamshika chini ya shavu lililovimba, na akamsalimu kwanza, kama alivyofanya kila siku.

"Mugeni. Bamekupa nini?"

Aliuliza kweli, akangoja jibu. Na kwa kuwa Madamu hakuwa na kinywa cha kusema, nilisema mimi.

"Ni miye, Mukaka. Nilimupa majani ya avoka. Ingine iko pale ndani, anaikula sasa."

Baba alilivuta sanduku kwa nguvu hadi likapinduka. Nilifumba macho nikingoja kofi. Badala yake nilihisi mkono wa Mukaka, mgumu, wenye udongo, ukinishika kifundo cha mkono na kuniongoza nyuma ya jiko. Alichota maji kwa kikombe, akayamwaga taratibu kwenye shina.

"Mugeni hakujua," aliuambia mti. "Mutoto alijua. Mugeni mumuachilie."

Baba, aliyetufuata, alijifanyia ishara ya msalaba. Sijui kama alikuwa akikataa maneno yale au akiyatia sahihi.

"Na miye?" nilimwuliza Mukaka. Nilikuwa nikigusa uso wangu, nikitafuta uvimbe.

"Weye utamukalia mpaka apone. Kila fasi, kila mahali yake, ni yako."

Tuliporudi, Papa Kasereka alikuwa bado amesimama. "Sasa miye nirudishe kisu?"

"Rudisha," alisema Mukaka. "Ao baki, utusaidie kuvuta maji."

Alibaki. Alivuta maji madumu sita, mchinjaji yule, na akaloweka vitambaa pamoja nasi. Tulimkanda Madamu kichwa na koo kwa maji baridi. Tulikwangua karoti zikawa laini kama uji, tukachanganya na pumba na chumvi kidogo, nami nikamlisha kwa kiganja, kidogo kidogo, kwa sababu midomo yake haikuweza kushika. Hakutembezwa, hakufungwa kitu mgongoni. Siku ya pili macho yalifunguka. Siku ya nne sura yake ilirudi, na mimi nililia juu ya shingo yake, na hakuna aliyenicheka, hata Kambale.

Lakini hakurudi mzima. Akipanda kilima kidogo tu, alisimama katikati, akapumua na kututazama kama anayeomba radhi. Baba alikuwa na ndoto ya kumbebesha viazi kutoka juu. Ndoto hiyo iliishia hapo, na alisema maneno mawili tu: "Basi, atakaa." Akakaa miaka mitatu, akisuguliwa kila asubuhi, akilamba chumvi yake, hadi alipolala mwenyewe, asiamke, msimu mmoja wa mvua.

Sasa ninafanya kazi mjini Beni. Mwaka uliopita, kwenye ofisi moja, nilizungumza na daktari wa mifugo, mtu wa Kasaï aliyetumwa huku. Nikamsimulia kama mzaha. Hakucheka. Aliniambia kwamba majani ya avoka ni sumu kwa farasi, kwa mbuzi pia. Kichwa huvimba na moyo hudhoofika. "Yule bibi yako alisoma wapi?" aliniuliza.

Jumamosi iliyofuata nilipanda gari kwenda Butembo. Mukaka alikuwa akimenya maharagwe. Nilimweleza maneno ya daktari, kisha nikamwuliza jambo ambalo sikuwahi kuliuliza: majirani wote huzika vitovu kwenye shina la mgomba, kwa nini sisi tu, kwenye mti wa avoka?

Hakuacha kumenya.

"Nilikuwa muke mupya hapa. Mbuzi ya mama mukwe ilikula pale, ikavimba, ikakufa. Ya pili, vilevile. Nikasema, ni ile majani. Bakasema, huyu alifika juzi, anajua nini? Kisha baba yako akazaliwa. Nikazika kitovu yake pale. Hakuna mutu alifunga tena mbuzi pale."

"Basi mambo ya kitovu ni bongo, ni uongo tu?"

"Kitovu ya baba yako iko pale. Enda uchimbe kama ni bongo."

Nilikaa naye, nikawaza. Miaka yote nilidhani aliturithisha hofu, na kwamba kwa bahati hofu hiyo iliangukia kwenye ukweli. Kumbe ukweli ulitangulia. Aliuona kwa macho yake akiwa msichana ambaye hakuna aliyemsikiliza, akautafutia nguo ambayo watu wangeiheshimu, na nguo hiyo ikalinda wanyama wa nyumba hii zaidi ya miaka arobaini, isipokuwa siku moja, kwa sababu yangu. Na siku hiyo hakunipiga. Alinipa nafasi ya kujibu mwenyewe.

Nikamwambia maneno ambayo hakuna mtu wa nyumba hii aliyemwambia alipokuwa muke mupya. "Mukaka, ulisema kweli."

Vidole vyake vilisimama juu ya ungo. "Aksanti," alisema, polepole, kama anayepokea kitu kwa mikono miwili. Kisha akaniuliza kama nimekula.